Nilipanda Moria na Mtoto wa Mwenzangu

Nilimwambia baba mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, kwamba Mungu anamdai mwanawe. Sikumwambia kwa fumbo. Nilifungua Mwanzo sura ya 22, nikamsomea mstari kwa mstari, nikafunga Biblia, nikasema: Abrahamu hakubishana, nawe usibishane. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Baba yule alinisikiliza kwa kuwa mimi ndiye niliyefundisha Neno kanisani kila Jumatano, na kwa kuwa alikuwa amechoka. Mtu aliyechoka sana hutafuta wa kumwamulia. Alinipa uamuzi wake nami nikaupokea kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo ninayoiungama kwanza, kabla ya mengine yote.

Kanisa lile silitaji, wala sitaki msomaji aanze kulitafuta. Lilikuwa na kiongozi, lilikuwa na waombezi, lilikuwa na desturi zake, na kila mmoja atajibu kwa nafsi yake. Lakini maneno niliyoyaandika hapo juu hayakutoka kinywani mwa kiongozi. Yalitoka kwangu, na nilikuwa nimejiandaa kuyasema.

Mwaka ulikuwa 2011. Baba yule alikuwa mtu wa Gécamines, kampuni ya migodi, na watu wa Lubumbashi hawahitaji kuelezwa hiyo ilikuwa nini. Ndiyo Union Minière ya babu zetu iliyobadilishwa jina: iliyojenga kambi, ikaendesha shule na hospitali, ikagawa unga kwa familia nzima, mpaka watu wakaiita baba na mama. Mwaka 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hiari hiyo iliwakuta watu ambao hawajaona mshahara kwa miezi na miezi. Baba yule alipewa fedha kidogo, akafungua duka, duka likafa. Mke wake akafariki, akamwachia mvulana mmoja. Akaoa tena, akapata mtoto mwingine, na mtoto huyo hakuwa na afya. Homa ilikuja, ikaondoka, ikarudi.

Katika taabu ya namna hiyo watu wetu hawaulizi ni nini, huuliza ni nani. Sisi kanisani tulikuwa tayari na jibu. Waombezi walimtazama mvulana, wakaleta habari zake kwangu, nikaziandika katika daftari: anakojoa kitandani, anasema usiku, anamwita mama yake marehemu, anakula haraka, hatazami watu machoni. Leo ninaposoma ukurasa ule naona jambo ambalo mtu yeyote mwenye macho angeliona siku ileile. Orodha yetu ya dalili za ulozi ilikuwa orodha ya dalili za yatima.

Baba hakukubali mara moja. Alimpenda mwanawe, na hilo ndilo lililonifanya nikumbuke Abrahamu. Nilimwambia kwamba Mungu hatujaribu kwa kitu tusichokipenda. Kama angetaka kukujaribu kwa baiskeli yako, angekudai baiskeli. (Baiskeli pia aliiuza baadaye, kwa ajili ya sadaka ya ukombozi. Sehemu ya fedha ile ilifika kwangu, nikanunua viatu vya kusimama navyo madhabahuni.) Nikamwambia amlete mtoto, atuachie, aende nyumbani asali. Kama amemtoa kwa moyo mmoja, Mungu atamrudishia akiwa safi. Akamleta jioni, amemshika mkono.

Tulimweka katika chumba cha maombi nyuma ya kanisa, katika mfungo mkavu, yaani bila chakula na bila maji. Chumba kilikuwa na sakafu ya saruji, mkeka mmoja, na dirisha lililozibwa kwa bati. Jirani walikuwa wakipika nje kwenye makaa. Harufu ya sombe, majani ya muhogo, ilipenya kwenye tundu za misumari ya lile bati. Waombezi walipokezana kuomba kwa sauti kubwa. Mimi nilikaa na daftari, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuandika maungamo yake pindi yatakapokuja. Tulimwuliza anaruka usiku na nani, amekula nani, nani alimpa chakula cha ulozi. Hakujibu kitu muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi, si wale waliokuwa wakipiga kelele, akaniuliza kwa sauti iliyokauka: "Nikiitika, njo mutanipa bukari?"

Nilimwambia ndiyo.

Akaitika. Akaitika kila kitu tulichomwuliza, hata yaliyopingana. Nikaandika katika daftari tarehe na neno moja, "amekiri", nikalipigia mstari. Tukampa bukari, yaani ugali. Alikula na mikono miwili, na mwombezi mmoja akasema kwamba mnaona, mlozi hashibi.

Jumapili alisimamishwa mbele ya watu wote akarudia. Nyumbani mama wa kambo aliogopa kumwacha alale chumba kimoja na mtoto mchanga, na baba, aliyekuwa amekwisha kumtoa, hakuona tena njia ya kumpokea. Akamwambia asirudi. Wiki ileile mama wa kambo, kwa siri, bila ruhusa yetu, alimbeba mtoto mchanga hadi kituo cha afya. Wakapima damu, wakakuta malaria, wakampa dawa, mtoto akapona. Nasi tukatoa ushuhuda kanisani kwamba mlozi ameondoka na homa imeondoka naye. Watu walicheza. Mimi nilicheza.

Nataka kusema jinsi nilivyoihubiri sura ile, kwa maana kosa langu halikuwa la ghadhabu wala la ulevi. Lilikuwa kosa la usomaji. Nilipenda asubuhi ya Abrahamu: ameamka mapema, ametandika punda, amepasua kuni, ameondoka. Hakumwuliza Mungu kwa nini. Kitabu hakisemi kwamba alimwambia Sara. Nilikuwa nikisimama hapo, katika ukimya ule, nikiwaambia waumini kwamba imani ni kunyamaza. Sikuwaambia kwamba sura nne nyuma, katika Mwanzo 18, Abrahamu huyohuyo alisimama mbele ya Mungu akiutetea mji wa Sodoma, akaanza na wenye haki hamsini, akashuka hadi arobaini na watano, arobaini, thelathini, ishirini, akafika kumi. Mungu hakumkemea hata mara moja. Aliwabishania watu wa mji mwovu, na ubishi wake ukahesabiwa ndani ya urafiki wake na Mungu. Mimi nilihitaji Abrahamu aliyenyamaza ili baba mmoja wa Katuba anyamaze, basi sura ya 18 niliiacha imefungwa.

Niliruka jambo kubwa kuliko hilo. Katika Mwanzo 22 hakuna mjumbe wa kibinadamu. Hakuna nabii anayemwendea Abrahamu kumwambia Bwana amesema umtoe mwanao. Hakuna kuhani, hakuna mwombezi, hakuna mwalimu wa Jumatano. Sauti ilimjia mwenyewe, juu ya mwana wake mwenyewe, na aliyepaswa kulala na jambo lile na kuamka nalo ni yeye. Mimi nilijiweka mahali ambapo Maandiko hayakuweka mtu. Nilimwambia mwenzangu kwa kinywa changu kile ambacho Mungu peke yake alikisema, na tena alikisema mara moja, kwa mtu mmoja, kisha akakizuia mwenyewe.

Alikizuia. Hapo ndipo nilipokuwa nikiharakisha kila mara, kwa kuwa niliona mlima wa Moria umekwisha kupandwa na funzo limepatikana. Lakini Abrahamu alipewa kutii mara mbili. Sauti ya pili, ya malaika, ilimkuta kisu kiko juu, na angeweza kuikataa kwa sababu nzuri kabisa: angesema huyu ni mshawishi, amekuja kunizuia nisimalize kazi ya Mungu. Sisi ndivyo tulivyowajibu wote waliokuja kutuzuia. Na walikuja. Bibi wa mvulana, mama wa marehemu, alisafiri kutoka Likasi, akalia kwenye mlango wa kanisa akiomba apewe mjukuu wake; tukasema ulozi wa ukoo umekuja kumtetea mtu wake. Mwuguzi mmoja wa mtaani alituambia kwamba mtoto mchanga anahitaji kupimwa damu na yule mkubwa anahitaji kulala na kula. Tukasema ana elimu bila ufunuo. Siwezi kudai kwamba Mungu hakutuma mtu. Alituma, na waliotumwa walikuja na miguu yao mitupu na vitenge vyao, nasi tulikuwa tukingoja mabawa.

Mwingine alikuwa mama yangu mzazi. Mama alikuwa wa Jamaa, ile jumuiya iliyotokea Kolwezi miaka ya 1950 mikononi mwa padri Mfransisko Placide Tempels, yule ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilichapwa hapahapa mjini mwaka 1945, wakati mji ukiitwa Elisabethville. Watu wa Jamaa walifundishana uzima, uzazi na mapendo, na walifundishana kwa Kiswahili, mume na mke pamoja, si kwa kukariri tu bali kwa kuangaliana maisha. Mama hakuwa na elimu ya Biblia kama niliyojidhania kuwa nayo. Alipopata habari alikuja kwangu, akakataa kiti, akaniuliza: "Ule mutoto, leo mama yake ni nani?" Nikamwambia mama yake alikufa. Akasema: "Ninajua. Ninakuuliza leo." Sikuwa na jibu, na kwa kuwa sikuwa na jibu nikamwambia kwamba Wakatoliki hawaelewi vita vya kiroho. Aliondoka. Hatukuzungumza tena juu ya jambo lile mpaka kufa kwake, nami nabaki nalo.

Alikuwapo pia jirani Mwislamu, mzee aliyechinja kondoo kila Idi kubwa na kutuletea nyama bila kutuuliza dini. Aliwahi kunieleza kwamba katika Kurani baba anamsimulia mwanawe alichokiona ndotoni, kisha anamwuliza yeye anaonaje, na mwana anajibu kwa hiari yake. Badala ya kumsikiliza nikashika ubishi wa zamani, kwamba mtoto alikuwa Isaka na si Ishmaeli, nikamshinda kwa aya zangu. Lakini hata katika kitabu changu mwana aliuliza. Njiani Isaka aliona moto, akaona kuni, akamwuliza baba yake mwanakondoo yuko wapi. Hilo ndilo swali pekee la mtoto katika sura yote, na mtoto wa chumba cha maombi aliuliza la kwake. Abrahamu alijibu kwamba Mungu atatoa. Mimi nilijibu kwa sahani.

Kuna watakaosema, na wameniambia, kwamba nilipotoshwa na umaskini wa wakati, au na kiongozi, au na desturi za mababu juu ya ulozi. Nakataa yote matatu. Jambo hili lina historia katika nchi yetu na nilikuwa naijua. Mwaka 1925 mhubiri mmoja aitwaye Tomo Nyirenda, aliyejipa jina la Mwana Lesa, yaani mwana wa Mungu, alipita miongoni mwa Walala upande wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, akibatiza kwa kuzamisha. Waliohesabiwa kuwa walozi aliwazamisha mpaka wakafa. Akavuka mpaka akaingia Katanga, akaendelea, na waliokufa huku walikuwa wengi kuliko wa kule. Alinyongwa mwaka 1926. Nilikuwa nikimtaja kanisani kama mfano wa manabii wa uongo, na sikuona kwamba yeye naye alishika Biblia, naye alifuatwa na watu waliochoka, naye alisema kwamba maji ndiyo yatakayoonyesha.

Wala siwezi kusema sheria haikuwapo. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto imeweka kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu kwa mwenye kufanya hivyo. Katika mwaka wetu ule sheria ilikuwa na miaka miwili, na mtu mmoja wa haki za watoto alipita akatugawia karatasi. Nikaichukua karatasi ile hadi kwenye fundisho la Jumatano, nikafungua Matendo ya Mitume sura ya 5, nikawaambia watu kwamba imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Watu wakasema amina.

Nirudi hapo kidogo, maana hapo ndipo nilipoumia zaidi nilipoanza kusoma upya. Petro na mitume waliposema neno lile walikuwa wamesimama mbele ya baraza lililoweza kuwaua. Mistari michache mbele, wanapigwa mijeledi. Migongo iliyopigwa ni ileile ya wale waliosema. Nimepitia Maandiko nikilitafuta jambo hilo, na naliona kila mahali: Danieli alitupwa yeye mwenyewe kwenye tundu la simba, wale vijana watatu walitupwa wao wenyewe kwenye tanuru, Esta alijipeleka mwenyewe mbele ya mfalme akijua sheria, na Yesu katika Gethsemane hakumtafuta mtu wa kukinywa kikombe kwa niaba yake. Utii wao ulikuwa na gharama, na gharama waliilipa wao. Utii wangu ulilipwa na mtoto wa miaka tisa. Mimi nilipata viatu.

Na Kongo yetu ina shahidi wa hilo. Isidore Bakanja, kijana aliyebatizwa mwaka 1906, alikuwa akifanya kazi kwa Wazungu wa mpira wakati wa mateso ya mpira. Meneja alimwamuru avue skapulari, kile kitambaa cha Bikira Maria alichovaa shingoni, na aache kuwafundisha wenzake sala. Bakanja hakuvua. Alichapwa kwa mjeledi wa ngozi wenye misumari mpaka mgongo ukawa kidonda kimoja, na mwezi Agosti 1909 kidonda kile kikamwua. Kabla ya kufa alisema amemsamehe aliyempiga na kwamba mbinguni atamwombea. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994. Anuarite naye, mtawa aliyeuawa Isiro Desemba 1964, alitoa maisha yaliyokuwa yake.

Namtaja Bakanja kwa sababu nyingine pia. Hapa Lubumbashi Wasalesiani wa Don Bosco wana nyumba yenye jina lake inayopokea watoto wa mitaani. Mvulana wetu alilala sokoni kwa muda ambao siujui na sistahili kuukadiria, kisha akapokelewa katika nyumba ile. Watu tuliowadharau kuwa hawajui vita vya kiroho walimpa kitanda, wakampeleka shule, wakamfundisha ufundi. Alikulia chini ya jina la mtu aliyemtii Mungu kwa mgongo wake mwenyewe, baada ya kufukuzwa na mtu aliyedai kumtii Mungu kwa mgongo wa mwingine.

Sikuyaona haya kwa maono. Miaka kadhaa baadaye nilipewa kufundisha juu ya uchawi, na kama kawaida nikaenda Kumbukumbu la Torati 18, mstari wa 10. Nilikuwa nautumia mstari ule tangu ujana, kuanzia katikati, panapotajwa waaguzi na wachawi. Jioni ile niliusoma kutoka mwanzo wake, kwa sababu nilitaka kuunakili kwenye ubao. Mwanzo wake unamkataza mtu kumpitisha mwanawe au binti yake motoni. Ni mstari mmoja. Mungu amemweka mwenye kumtoa mtoto kafara na mchawi katika sentensi moja, na wa kwanza kutajwa ni yule mwenye kumtoa mtoto. Nilikaa na chaki mkononi. Kisha nikatafuta pengine, nikakuta Yeremia sura ya 7, ambapo Mungu anasema juu ya watu waliowachoma watoto wao katika bonde la Hinomu kwamba hakuwaamuru hilo, wala halikumwingia moyoni. Watu wale hawakuwa makafiri wa mbali. Walikuwa na hekalu, walikuwa na sadaka, na huenda walikuwa na mwalimu aliyewasomea habari ya Abrahamu.

Nikakuta na Yefta, Waamuzi 11, aliyeapa nadhiri ambayo Mungu hakuiomba, na binti yake akalipa. Hakuna malaika katika sura ile, na nilijiuliza kwa nini hadi nikaona kwamba hakuna amri pia. Sauti ya pili ilikuwa wajibu wa wazee wa Gileadi, na wazee walinyamaza.

Fundisho lile sikulifundisha. Niliacha kusimama madhabahuni. Ningependa kuandika kwamba nilimwendea mvulana siku iliyofuata, lakini haikuwa hivyo. Nilikaa na aibu yangu muda mrefu nikiiita toba. Wakati huo baba yake alifariki. Walikuwa hawajasemezana. Baada ya Moria kitabu cha Mwanzo hakitupi tena neno lolote kati ya Isaka na baba yake. Mstari wa 19 unasema Abrahamu aliwarudia watumishi wake, na mwana hatajwi. Wanaonekana tena pamoja pale tu mwana anapomzika baba. Nilikuwa nimeyasoma hayo pia mara nyingi, na sikujua kwamba ni habari ya nyumba niliyoipitia.

Kilichonisukuma mwishowe ni Yobu. Si Yobu mwenyewe, ni wale rafiki zake watatu, Elifazi na wenzake, waliokaa naye majivuni wakimweleza kwa ufasaha kwa nini Mungu anamtesa. Nilikuwa na ufasaha wao. Katika sura ya 42 Mungu anawaambia kwamba hawakusema yaliyo kweli juu yake, na hawaruhusu wamalizane naye faraghani. Anawaagiza wachukue ng'ombe saba na kondoo dume saba, waende kwa Yobu, watoe sadaka, na Yobu awaombee. Msamaha wao unapitia mlangoni kwa mtu waliyemsema vibaya. Mimi nilikuwa nimeomba msamaha kwa Mungu usiku na mchana na sikuwa nimevuka barabara.

Basi nikamtafuta yule mvulana, nikamkuta katika mtaa wa Ruashi. Ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza milango ya chuma na madirisha, ana mke na mtoto wa kike. Alinitambua kabla sijajitambulisha. Nilisema nilichokwenda kusema, nikamwambia sina udhuru. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Aliniambia: "Mulinisema mbele ya watu. Sasa munakuja kuniomba peke yetu." Nikamwuliza anataka nifanye nini. Akasema katika mtaa ule wa Katuba wako watu mpaka leo wanaomwita mlozi, na wanamwonyesha mtoto wake kidole. Akasema nikaseme pale niliposemea.

Nilikwenda kanisani kuomba nafasi, nikanyimwa. Nimesema barabarani kwa wazee wa mtaa, kwa jirani waliobaki, kwa mama wa kambo, ambaye alikuwa anajua kweli tangu siku ya kituo cha afya na alilia kwa miaka yote hiyo aliyonyamaza. Nilimrudia fundi nikamweleza nilipofika na niliposhindwa, nikamwuliza kama naweza kuandika. Akakubali kwa masharti. Nisiandike jina lake. Nisiandike kwamba yote yamekwisha. Na sharti la tatu alilisema akiwa ameinama kwenye chuma chake: "Andikeni kama nilikuwa na njaa."

Basi naandika, kwa ajili ya watu wa Katuba na kwa yeyote aliyekuwapo Jumapili ile. Mtoto tuliyemsimamisha mbele yenu hakuwa mlozi. Alikuwa na njaa na kiu, na alikuwa amefiwa na mama yake. Alikubali maneno yetu kwa ajili ya sahani ya bukari ambayo mimi nilimwahidi. Mdogo wake alikuwa na malaria, akapona kwa dawa alizopewa kituo cha afya. Mungu hakumdai baba yule mtoto wake. Mimi ndiye niliyemdai. Na neno "amekiri" lililopigiwa mstari katika daftari langu ni uongo, na mwenye uongo huo ni mimi niliyeliandika.